Waliokalia Kiti cha Don

Chitete haijawahi kuwa na jumba la sinema. Ilikuwa kijiji cha Wanyamwanga ndani ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya, mpaka mwaka 2012 ilipozaliwa wilaya ya Momba, ambayo halmashauri yake leo ina makao makuu hapa. Mwaka 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe. Ndani ya miaka minne kijiji kilekile kikawa kimebadilishiwa wilaya na mkoa bila kusogea hata hatua moja. Filamu zilikuja huku kwa njia ya Tunduma, kama zijavyo bidhaa nyingine zote: kwanza kwenye mikanda ya video, baadaye kwenye sidii, siku hizi kwenye flashi na memori kadi unazojaziwa muvi na kijana mwenye kompyuta na spika mlangoni. Pamoja na filamu ukaja ubishi ambao haujapata hakimu: Don wa kweli ni yupi?

Waliokwisha kuota mvi hawatikisiki. Don ni Amitabh Bachchan, na mengine ni maigizo. Waliozaliwa miaka ya 1990 wanawacheka. Kwao Don ni Shah Rukh Khan, na yule mwingine ni babu wa picha za zamani. Agosti 2023 likatangazwa jina la tatu, Ranveer Singh, na mashabiki wa Shah Rukh wakaja juu mitandaoni kana kwamba wameporwa urithi. Kwa hesabu ya kawaida, mambo haya yangetosha kuiua filamu. Stelingi ndiye anayelipiwa kiingilio. Ukimtoa, unabaki na farasi asiye na mpandaji. Lakini Don inakaribia nusu karne, imebadili uso zaidi ya mara moja, na haijakosa watu wa kukaa kwenye benchi. Nasimulia hapa ilivyowezekana, na nina sababu ya kuichagua hii badala ya nyingine: mtu aliyeitengeneza Don ya kwanza alitoka kwetu.

Chandra Barot alizaliwa Tanganyika mwaka 1939, akakulia hapa, akaajiriwa karani katika benki ya Barclays, Dar es Salaam. Dar ya ujana wake ilikuwa mji wa sinema. Kulikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress na mengineyo, na tiketi za Jumapili ziliweza kuwa ngumu kuliko tiketi za treni. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza kwa kina jinsi Waafrika, Waarabu na Wahindi wa Zanzibar na Tanganyika walivyojipanga foleni moja kuziona filamu za Bombay, na jinsi Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilivyowaliza watu wasiojua neno hata moja la Kihindi. Hiyo ndiyo hadhira iliyomzunguka karani wetu. Nyumbani kwao pia filamu haikuwa jambo la kusikia kwa mbali. Dada yake, Kamal Barot, alikuwa ametangulia Bombay kutafuta maisha ya uimbaji, na mwaka 1963 sauti yake ilisikika pamoja na ya Lata Mangeshkar katika wimbo uliovuma wa filamu ya Parasmani.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 Barot naye akaondoka. Wakati huo Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakipima upepo: mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yamepita mwaka 1964, na Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, Barclays ikiwamo, yakamezwa na Benki ya Taifa ya Biashara. Wengi walielekea Uingereza. Yeye aliishia Bombay, na huko akapata kazi ya usaidizi kwa Manoj Kumar, mwigizaji aliyekuwa pia mwongozaji. Alimsaidia katika Purab Aur Paschim ya mwaka 1970, na katika Roti Kapda Aur Makaan ya mwaka 1974. Hii ya pili ndiyo iliyomkutanisha na watu waliobadili maisha yake.

Mpiga picha wa Roti Kapda Aur Makaan alikuwa Nariman Irani, fundi aliyeheshimika na mtu aliyezama kwenye madeni. Alikuwa amejaribu utayarishaji mwaka 1972 kwa filamu ya Zindagi Zindagi, ikaanguka, ikamwachia deni la rupia milioni 1.2, ambalo kwa mshahara wa mpiga picha angelilipa mpaka kaburini. Wenzake kazini wakamshauri atengeneze filamu nyingine, nao watamshika mkono. Amitabh Bachchan akakubali, Zeenat Aman akakubali, Barot akakubali kuongoza, naye Pran akaongezwa baadaye. Hebu fikiria: filamu iliyokuja kuwa mti wenye matawi nchi nzima ilianza kama mchango wa kumwondolea rafiki aibu.

Hawakuwa na hadithi. Wakaenda kwa Salim Khan na Javed Akhtar, waandishi wawili waliokuwa wakitamba mjini, waliompa Bachchan umaarufu kwa Zanjeer mwaka 1973, kisha Deewaar na Sholay mwaka 1975. Wawili hao walikuwa na andiko moja limekaa kabatini kwa kuwa kila aliyelisoma alilirudisha. Halikuwa hata na jina. Waliliita tu lile la Don. Inasimuliwa kwamba wasambazaji walipinga hata jina hilo, kwa kuwa Bombay kulikuwa na nguo za ndani zenye jina linalotamkwa karibu vivyo hivyo.

Upigaji ulikwenda kwa kusuasua zaidi ya miaka mitatu, pesa zikipatikana kidogo kidogo. Kabla filamu haijakamilika, Irani akafariki. Aliangukiwa na ukuta akiwa kazini kwenye filamu nyingine. Mtu aliyekuwa akitafutiwa nusura hakuiona. Barot akaimalizia, akamwonyesha mwalimu wake Manoj Kumar, na Manoj akamwambia kwamba nusu ya pili imebana mno, watazamaji watakosa pa kupumulia. Atie wimbo. Ukaokotwa wimbo uliokuwa umekataliwa na filamu ya Dev Anand, wimbo wa mtu anayetafuna tambuu ya Banaras na kucheza, akauimba Kishore Kumar. Watu wa pwani, wanaoijua tambuu tangu kwa bibi zao, hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza. Filamu ilitoka tarehe 12 Mei 1978. Wiki ya kwanza ilionekana imekwama. Kisha wimbo ule wa nyongeza ukashika, na filamu ikapaa nyuma yake. Deni likalipwa. Bachchan alipopata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo, aliitoa kwa heshima ya mjane wa Irani.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe, maana jibu la swali letu, kwa maoni yangu, lilikuwa limeandikwa humo tangu siku ya kwanza.

Don ni jambazi baridi, mwenye suti nzuri, anayesakwa na polisi wa nchi 11. Mapema kabisa katika filamu anapigwa risasi, anatoroka, anafia mikononi mwa afisa wa polisi aitwaye D'Silva. Polisi huyo anamzika kimyakimya. Halafu anakwenda kumtafuta Vijay, mwimbaji wa mitaani mwenye roho safi na watoto wa kulea, ambaye kwa bahati ya ajabu ana sura ileile ya marehemu. Anamfundisha kutembea kama Don, kusema kama Don, kukaa kimya kama Don, kisha anampenyeza kwenye genge. Genge linampokea. Ndipo D'Silva, mtu pekee anayejua siri, anauawa, na Vijay anabaki katikati: majambazi wameanza kumshuku kwamba si Don, na polisi wamemshikilia kwamba ndiye. Ushahidi wote umo kwenye daftari jekundu, nalo halionekani.

Hesabu dakika. Don mwenyewe anaishi sehemu ndogo ya filamu. Muda uliobaki tunamtazama mtu mwingine akicheza nafasi ya Don. Tunamwona akijifunza, akikosea, akikaguliwa na watu wa genge kama Roma na Narang, na sisi wenyewe tunakaa tukipima: je, ameshika? Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa amefundishwa kwa saa mbili na nusu kwamba Don ni kitu kinachoweza kuvaliwa, ilimradi mvaaji awe na ubaridi unaotakiwa na wanaomzunguka waendelee kumwogopa. Sidhani kama Salim na Javed walikusudia kufungua njia ya warithi. Walikuwa wakitafuta hadithi ya kuuza. Ila walichoandika ni hadithi ya stelingi kubadilishwa, na ikakubaliwa.

India yenyewe haikungoja. Mwaka mmoja tu baadaye, 1979, huko kusini, N. T. Rama Rao alicheza hadithi hiyohiyo kwa Kitelugu katika Yugandhar. Ni yule ambaye mwaka 1983 alikuja kuwa waziri kiongozi wa jimbo la Andhra Pradesh, kwa hiyo ukipenda unaweza kusema Don aliwahi kutawala jimbo. Mwaka 1980 Rajinikanth alicheza kwa Kitamil, filamu ikaitwa Billa, nayo ikawanyamazisha waliokuwa wakisema nyota yake imezima. Mwaka 1986 Mohanlal akacheza kwa Kimalayalam. Billa nayo ikazaa: Ajith Kumar aliirudia mwaka 2007, Prabhas mwaka 2009. Kila mmoja alikuwa mfalme kwao, na hakuna aliyeombwa afanane na Bachchan. Walichorithi ni kifo cha mapema, mwimbaji maskini, polisi mwenye siri na daftari.

Wenzetu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuonja mtihani huohuo kabla ya Bombay, na walikaribia kuumwaga mchuzi. James Bond wa kwanza wa sinema, Sean Connery, alianza na Dr. No mwaka 1962. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa jambazi mdogo katika Tarzan's Greatest Adventure, filamu iliyopigwa kwa sehemu Kenya, ambako Tarzan mwenyewe alikuwa Gordon Scott, mrithi wa mrithi wa Johnny Weissmuller. Yaani Connery alipita kwenye nyumba iliyozoea kubadili wapangaji kabla hajajengewa ya kwake. Baada ya filamu tano za Bond alichoka, akaondoka, na mwaka 1969 nafasi ikapewa George Lazenby, mwanamitindo wa Australia asiye na uzoefu wa kuigiza. Lazenby aliondoka kabla hata filamu yake haijatoka. Watayarishaji, Albert Broccoli na Harry Saltzman, wakaingiwa hofu, wakamrudisha Connery mwaka 1971 kwa dola milioni 1.25, malipo yaliyokuwa rekodi wakati huo. Halafu mwaka 1973 akaingia Roger Moore, akakaa kwa filamu saba mpaka 1985, na tangu hapo hakuna aliyeogopa tena: Timothy Dalton, Pierce Brosnan, Daniel Craig.

Wasifu wa Bond husimuliwa kama wasifu wa wanaume hao sita. Mimi nawatazama waliokaa pembeni. Bernard Lee alikuwa bosi wa Bond tangu 1962 mpaka 1979. Lois Maxwell alikaa kwenye meza ya katibu wa bosi kwa filamu 14. Desmond Llewelyn, mzee wa kugawa silaha, alicheza filamu 17, ya mwisho mwaka 1999. Moore alipoonekana mara ya kwanza, bosi alikuwa yuleyule na katibu alikuwa yuleyule, na wote walimwita Bond. Mtazamaji aliyekuwa na shaka aliona wakubwa hawana shaka. Na mwaka 1981 Moore alionekana akiweka maua kwenye kaburi la mke aliyeolewa na Lazenby. Hakuna aliyeuliza, mbona wewe hukuwapo harusini.

Craig ndiye aliyepokewa kwa kelele nyingi zaidi. Walisema nywele zake si nyeusi, kimo hakitoshi. Casino Royale ya mwaka 2006 ikawajibu kwa kuanza upya kabisa, Bond akiwa ndiyo kwanza anapewa leseni ya kuua. Moja ya matukio yake ya mwanzo limeandikiwa Mbale, Uganda, kwenye kambi ya waasi, ingawa kwa kweli lilipigwa Uingereza. Wenyeji wa Mbale, wanaoujua mlima Elgon ulivyokaa, hawahitaji kuambiwa.

Mwaka huohuo wa 2006 ndio Don aliporudi kwa Kihindi. Kabla ya kufika huko lazima nipite kwenye vibanda, kwa sababu kati ya 1978 na 2006 ndipo Don alipoingia vijijini kwetu.

Don ya kwanza ilipotoka, Tanzania ilikuwa miezi michache kabla ya vita vya Kagera, na baada ya vita ikaja miaka ya kukosa kila kitu, kuanzia sabuni hadi mafuta ya taa. Majumba ya sinema ya mijini yakaanza kuchakaa. Televisheni Bara haikuwapo. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, sisi tulingoja mpaka 1994. Pengo hilo likazibwa na mkanda wa video. Mwenye deki na televisheni alikuwa na jumba la sinema nyumbani kwake, na mwenye jenereta angeweza kulipeleka popote. Tunduma, yenye barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA na Nakonde ng'ambo ya mpaka, haikuwa na shida ya kupata mikanda. Kutoka hapo ilishuka na magari ya mizigo kuelekea vijiji vya bonde la Momba. Kibanda cha video hakikuhitaji mengi: mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, spika, na mtu wa mlangoni asiyejua neno huruma. Vikaitwa vibanda umiza, na aliyekaa humo mchana wa Oktoba anajua kwa nini.

Humo ndimo walimostawi wasimulizi. Dar es Salaam kulikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, na kulikuwa na DJ Mark. Kenya baadaye ikampata DJ Afro, na Uganda walikuwa na wao tangu zamani. Kazi yao ilikuwa kuzungumza juu ya filamu kwa lugha ya watazamaji, wakiongeza chumvi, wakimpa kila mhusika tabia ya mtaani, wakimwonya stelingi kwamba nyuma yako kuna mtu. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings amewaandikia kurasa nyingi, na alistahili kufanya hivyo, maana magazeti yetu yaliwaona kama wezi wa kanda tu. Jambo moja la usimulizi huo linanihusu hapa. Mwigizaji wa Kihindi, wa Kichina au wa Kimarekani, wote walipata sauti moja, ya mtu wa Dar. Sura ilipobadilika, sauti iliyokuwa ikikushika mkono haikubadilika. Kizazi kilichokua ndani ya vibanda hivyo kilikwisha kuzoea kwamba shujaa ni kazi inayofanywa na watu tofauti, na mwenye hadithi ni yule anayesimulia.

Farhan Akhtar alikuwa na umri wa miaka minne Don ya kwanza ilipotoka. Ni mtoto wa Javed, mmoja wa waandishi wale wawili, kwa hiyo hadithi aliipata nyumbani kama wengine wanavyopata shamba. Alipoamua kuirudia alimchagua Shah Rukh Khan, mtu aliyejulikana kwa kufungua mikono na kuwaliza wasichana. Wengi walinuna. Farhan akafanya mambo mawili ambayo nayaona ya akili sana. Alibakiza kila kitu ambacho sikio linakumbuka: jina, ile kauli ya polisi wa nchi 11, na nyimbo kubwa tatu za mwaka 1978 zikapigwa upya, wa tambuu ukiwamo. Kisha akaweka mtego. Tuliojua hadithi ya zamani tulikaa tukijua kwamba Don amekufa na tunayemtazama ni Vijay. Mwishoni tunagundua kwamba aliyekufa ni Vijay, na Don alikuwa akicheza nafasi ya mtu anayecheza nafasi ya Don. Kumbukumbu yetu ya Bachchan ndiyo iliyotumika kutudanganya. Filamu ya namna hiyo haiwezi kulalamikiwa kwamba imemfukuza stelingi wa zamani. Imemhitaji, tena imemhitaji hai vichwani mwa watu. Ilitoka tarehe 20 Oktoba 2006, ikafanya vizuri, na Desemba 2011 ikafuata Don 2, iliyopelekwa mpaka Berlin, bila Vijay wala mwimbaji maskini. Kiti kikawa kimepata mkaaji mpya, na mkaaji akaruhusiwa kukihamisha.

Naona ni vigumu kuieleza hali hii kwa mtu wa mjini, lakini huku mpakani si jambo geni. Ng'ambo, upande wa Nakonde, Wanyamwanga wana malkia wao mkuu, Nawaitwika; mbele zaidi Wabemba wana Chitimukulu; na kule mto Luapula Walunda wana Mwata Kazembe. Majina hayo hayafi na mtu. Anayeteuliwa huingia ndani ya jina pamoja na undugu wake, madeni yake na ushindi wake. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi na watu wa Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika jinsi wakuu wa huko walivyomsimulia matukio ya vizazi vingi nyuma kwa kusema mimi: mimi nilivuka mto, mimi nilimpiga fulani. Hawakuwa wakiota wala kudanganya. Aliyevuka alikuwa Kazembe, na anayesema ni Kazembe. Shah Rukh akisema yeye ndiye Don, na Don huyo ana makosa ya mwaka 1978 kwenye jalada lake, anazungumza lugha ambayo watu wa Luapula wangemwelewa bila mkalimani.

Lakini jina la namna hiyo halijitokezi lenyewe. Lazima wawepo wanaolishika wakati kiti kiko wazi, na lazima liwe limetenganishwa na mwili wa mtu mapema, yeye akiwa hai. Hapo ndipo filamu zetu zilipokwama. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na Dar es Salaam ilifurika watu kumzika. Alikuwa mwigizaji, mtayarishaji na sura ya jalada; watu walinunua Kanumba, kama walivyonunua Ray, nyota mwenzake, na jina la mhusika hakuna aliyelikumbuka wiki mbili baadaye. Huwezi kumtafutia mrithi mtu ambaye alikuwa akicheza nafasi ya yeye mwenyewe. Mahesabu ya soko, wizi wa kazi na bei ya sidii vilichangia kuporomoka kwa Bongo Movie baada ya hapo, sikatai. Ila hata kama soko lingekuwa zima, ni nani angeitwa mahali pake, na aitwe nani?

Kenya inatoa mifano miwili ya kuweka mezani. Charles Bukeko, Papa Shirandula wa Citizen TV, alifariki Julai 2020, na kipindi hakikupata Papa mwingine. Tumbo lile, sare ile ya ulinzi, Kiswahili kile cha Magharibi, vyote vilikuwa vyake. Vioja Mahakamani ya KBC, kwa upande mwingine, ilianza zama za Sauti ya Kenya na imezika waigizaji kadhaa. Mashahidi walikuja wakaondoka, washtakiwa vilevile, na mahakama ikaendelea kukaa. Stelingi wa Vioja ni kizimba. Kizimba hakiugui.

Nimesema Don alitengenezwa na mtu aliyetoka kwetu, na bado sijasema mwisho wake. Barot hakupata tena filamu ya kulingana na ile. Aliongoza filamu ya Kibengali, Aashrita, na mwaka 1991 akatoa Pyar Bhara Dil, iliyopita bila kishindo. Nyingine zilianzishwa zikaachwa njiani. Hadithi ilikuwa ya Salim na Javed, na haki zikaendelea kupita katika mikono mingine, kwa hiyo Don ilipofufuliwa mwaka 2006, kiti cha mwongozaji nacho kilikuwa na mtu mpya. Kelele zote za magazeti zilihusu Bachchan na Shah Rukh. Barot alifariki Mumbai tarehe 20 Julai 2025, akiwa na miaka 86, baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu. Farhan Akhtar alikuwa miongoni mwa waliotoa rambirambi hadharani, akimtaja kama mwongozaji wa Don ya asili.